Kesi ya Kilo Tatu

Usiitafute stoo hii ukifika Ndungu. Ipo popote penye mizani na foleni. Ni chumba cha bati kilichoshikana na mashine ya kukoboa mpunga. Nyuma yake Milima ya Pare imepanda kuelekea Shengena, mbele yake mashamba ya mpunga yanakunywa maji ya mto Yongoma, na ndani yake kuna mizani ya umeme ya zamani, ya mshale, inayopima mpaka kilo 500. Ni usiku, msimu wa mavuno. Mlinzi anakoroma. Mlangoni ameketi Jiwe la Mizani, chuma cha kilo 20 chenye muhuri, ambaye tangu mizani ya umeme iletwe amepewa kazi ya kuzuia mlango usipigwe na upepo.

MJUSI (anashuka ukutani): Shikamoo, mzee Jiwe.

JIWE: Marahaba, mwanangu. Mbona unashuka kichwa chini kama mfiwa?

MJUSI: Nina kesi, mzee.

JIWE: Upareni nani hana kesi? Si wanatucheka kwamba tunauza ng'ombe ili tukadai kuku? Haya, kuku wako ni yupi?

MJUSI: Jina langu. Jana mama mmoja kaleta kiroba cha mpunga. Alikuwa amekipima kwa jirani, kilo 30. Hapa kikasoma 27. Kuuliza, mwenye mashine anamjibu: "Mama, kuna mjusi ameingia kwenye mizani." Juzi kilo 3, mjusi. Wiki iliyopita kilo 3, mjusi. Mimi nikishiba mbu mpaka nikashindwa kutambaa sifiki gramu 10. Hizo kilo 3 za watu nimezificha wapi, mkiani?

JIWE: Mimi si hakimu. Mimi ni kizuizi cha mlango.

MJUSI: Wewe ndiye pekee humu ambaye uzito wake umechorwa kifuani na serikali ikauwekea muhuri. Wengine wote tunajikadiria.

JIWE: Muhuri wenyewe ni wa zamani. Kutu imeshanila gramu kadhaa, na nalisema mapema nisije nikasemewa. Haya, mahakama imekaa. Fungueni hilo boksi.

(Boksi la mizani halikuwa na haja ya kufunguliwa. Skrubu mbili zilishapotea siku nyingi, na kifuniko kinaning'inia. Ndani kuna bodi ya saketi, vumbi la pumba, na ushahidi kwamba Mjusi kweli hulala humo.)

JIWE: Nani anasikia mzigo kabla ya wengine?

KIHISI (kutoka chini ya sahani): Mimi, mzee, ila sauti yangu ni ndogo. Mzigo ukinikalia, chuma changu kinapinda kiasi ambacho jicho halioni, nami natoa volteji. Wananilisha volti 10. Kwa kila volti narudisha milivolti 2 mzigo ukifika kilo 500.

JIWE: Kwa hiyo mzigo mzima kabisa ni milivolti 20. Na kilo moja?

KIHISI: Sehemu 4 za mia za milivolti.

JIWE: Huko ni kunong'ona ukiwa ng'ambo ya mto. Anakusikia nani?

CHIPU: Mimi, mzee. Naitwa 741. Nadaka mnong'ono wake naukuza mara 500, ndipo Mshale anapata nguvu ya kusogea. Ukoo wetu ulianzia California mwaka 1968, kwa mchoro wa Dave Fullagar wa kampuni ya Fairchild, na tangu hapo hakuna kapu la fundi redio tusilokuwemo.

JIWE: Vizuri, binti. Sasa nijibu bila kuzunguka. Sahani ikiwa tupu, Kihisi akanyamaza, wewe unasema nini?

CHIPU (baada ya kusita): Nasema kitu, mzee.

JIWE: Unasema kitu na hujaambiwa kitu?

CHIPU: Sikuomba kuwa hivi. Mlangoni mwangu wamekaa transista wawili mapacha, Kulwa na Doto. Kazi yangu ni kutazama tofauti ya wanachosikia, kwa hiyo wao wenyewe walipaswa kufanana kwa kila kitu. Lakini nani amewahi kuona mapacha wanaolingana mpaka unywele? Kulwa amemzidi Doto kidogo. Hicho kidogo ndicho mafundi wanakiita ofseti. Kwetu kawaida ni milivolti 1, na wapo ndugu zangu wanaofika 5 au 6.

JIWE: Milivolti 1 ndiyo ya kulilia?

CHIPU: Kwenye redio hakuna atakayeisikia. Hapa, mzee, piga hesabu.

(Jiwe anapiga hesabu. Mende waliokuwa wakipita kwenye pumba wanasimama kusubiri jibu.)

JIWE: Kilo 25!

MJUSI: Na zote zingeandikwa jina langu!

JIWE: Nani aliyekupa kazi ya vipimo ukiwa na kasoro ya kilo 25?

CHIPU: Fundi. Kabla yangu kwenye kiti hiki alikaa bwana mpole wa ukoo wa OP07, watu wa mwaka 1975. Walio bora kwao hawazidi mikrovolti 75, yaani kama kilo 2 tu. Radi ilipiga, akafa. Fundi akanitoa kwenye redio mbovu, akatuhesabu miguu, akasema: "Wote wana minane, watalingana tu." Lakini nisimwonee. Alijua kwamba kasoro yake na yangu hazirekebishwi kwa njia moja. Akahamisha waya kutoka mguu wa 8 kwenda wa 5, na ulimi wa Kivolyumu akautoa upande wa chanya akauleta hasi. Wako mafundi wasiojisumbua hivyo.

JIWE: Nimekuelewa. Ni kama ndiva zetu za milimani. Bwawa linajazwa usiku, asubuhi linafunguliwa maji yashuke mashambani. Tope likijikusanya chini, ukitazama usawa wa maji utasema limejaa, kumbe sehemu yake ni udongo. Ndiyo maana watu wanaitana msaragambo wa kuzoa tope.

CHIPU: Na mzoa tope wangu ni huyu hapa.

KIVOLYUMU (kwa sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa): Wazee wangu, heshima mbele. Naitwa Kivolyumu kwa sababu ya umbo, lakini kwa kazi mimi ndimi baba wa sifuri. Nimekaa kati ya mguu wa 1 na wa 5. Nikigeuka huku, Doto anapata nguvu; nikigeuka kule, anapata Kulwa; tunakwenda hivyo mpaka wanalingana na kasoro inakufa. Hizo kilo 25 alizozaliwa nazo binti huyu nilizifuta mimi. Mnaniona nimewekewa bango mahali?

JIWE: Tutakuja kwako. Sitaki mtu ajitetee kabla hajashtakiwa.

KAPASITA (anakohoa): Mheshimiwa, kama mshauri huru, nina pendekezo litakalomaliza suala hili usiku huu.

JIWE: Lilete.

KAPASITA: Niwekwe njiani, kati ya Kihisi na Chipu. Kwa maumbile yangu sipitishi kitu kisichobadilika. Ofseti imekaa palepale mchana na usiku. Haitapita.

JIWE: Na gunia lililotulia juu ya sahani, linabadilika?

KAPASITA: Halibadiliki.

JIWE: Kwa hiyo?

KAPASITA: Nalo halitapita. Mizani itakuwa haina kosa hata moja.

MJUSI: Wala haitapima hata gunia moja!

KAPASITA: Hilo halikuwemo kwenye hadidu za rejea zangu.

JIWE: Kaa chini. Nani mwingine?

ETHI: Mimi, mzee. Mimi ndiye waya mweusi ambaye kila mtu humu ananiita sifuri na kupima kuanzia kwangu. Jina hilo walinipa wao. Mimi ni waya tu. Fundi alinipitishia na mkondo wa mota ya kukoboa ili asinunue waya wa pili, na mota ikivuta nainuka kidogo, na wote walionitegemea wanainuka nami bila kujua.

JIWE: Hilo ni kosa la kweli, na lina mwenyewe. Lakini jana mama alipopima, mota ilikuwa inafanya kazi?

MJUSI: Ilikuwa imezimwa. Walikuwa bado wanapima, foleni ya kukoboa haijaanza.

JIWE: Basi hukuwepo kwenye tukio. Ushauri wangu ni mota ipewe waya wake hadi chanzo. Twende.

CHIPU: Mzee, labda ni joto. Kulwa na Doto hawapati joto sawasawa. Kila nyuzi moja ya joto inaweza kunisogeza mpaka mikrovolti 15. Kutoka alfajiri ya Ndungu mpaka saa nane mchana bati likiwa linawaka, zikizidi nyuzi 10 tu, ni mikrovolti 150.

JIWE: Karibu kilo 4.

(Boksi zima linachangamka. "Ni joto! Ni joto tu!" Rezista wanapeana mikono. Kivolyumu anapendekeza kikao kifungwe na iandikwe barua kwa wahusika wa hali ya hewa. Kwa furaha ile ungedhani wote wamesamehewa kodi.)

JIWE: Nyamazeni! Joto linakwenda na kurudi. Kosa la joto asubuhi lina sura moja, mchana nyingine, usiku linarudi nyumbani. Nataka shahidi aliyepima kwa nyakati tofauti.

PAKA (kutoka juu ya magunia): Nadhani mnanihitaji mimi.

JIWE: Sema, mama.

PAKA: Kila siku napita juu ya ile sahani nikiwinda panya. Nina kilo 3. Najua kwa sababu mwaka jana kila nilipopanda Mshale alisogea kilo 3, na mlinzi alikuwa akinicheka kwamba nimenenepa. Tangu mavuno haya yaanze napanda, Mshale hatikisiki. Mara ya kwanza niliogopa. Nikajilamba kuhakikisha nina mwili. Mtu mzima unapanda mizani unakuta huna uzito, si umeshakufa na sasa ni mzuka?

JIWE: Ulipanda saa ngapi?

PAKA: Alfajiri, mchana wa jua kali, saa sita ya usiku. Nilikuwa natafuta saa ambayo bado ninaishi. Sikuipata.

JIWE: Joto basi litoke mahakamani, halina kesi. Mshale! Paka akiwa juu ya sahani, ulikuwa wapi?

MSHALE: Kwenye sifuri, mzee. Na sahani ikiwa tupu nipo kwenye sifuri vilevile. Kila asubuhi mwenye mashine anawaita wakulima: "Sogeeni muone wenyewe, sahani tupu, sifuri! Kuna mwenye neno?" Hawana neno. Wanashika vifua, wanashukuru.

JIWE: Nimekuuliza uko wapi, sasa nakuuliza ukoje. Hapo kwenye sifuri umesimama, au umeegemea?

(Mshale anatetemeka. Ni chombo chepesi, hakijazoea maswali ya namna hii.)

MSHALE: Mzee... hapo kwenye sifuri kuna kimsumari. Waliokiweka hawakuwa na nia mbaya. Kinanizuia nisizunguke nyuma nikapinda. Volteji ikishuka chini ya sifuri nasukumwa nyuma nako hakuna njia. Nabanwa pale. Anayenitazama kwa mbele anaona nimesimama wima kama shahidi wa ndoa.

JIWE: Umebanwa kwa kilo ngapi?

MSHALE: Tatu. Kilo 3 za mwanzo za kila mzigo zinatumika kunitoa kwenye kimsumari tu. Ya nne ndiyo naihesabu moja.

MJUSI: Kwa hiyo wale waliokuwa wanaonyeshwa sifuri...

JIWE: Walionyeshwa ukuta. Mtu aliyeegemea ukuta na mtu aliyesimama wima ukiwatazama kwa mbali ni wamoja, mpaka ukuta uondoke.

CHIPU: Mzee, viwandani walishauona mtego huu. Huko habari haisafiri kwa sifuri. Wanatumia mkondo wa miliampea 4 mpaka 20. Tangi likiwa tupu waya unabeba 4, likijaa unabeba 20. Kwa hiyo asiye na kitu naye ana sauti: 4 maana yake "niko hai, sina kitu". Ukipata 3 unajua kuna aliyeteleza, ukipata sifuri kabisa unajua waya umekatika. Hiyo nayo ni ofseti, lakini imetangazwa na kila mtu anaijua.

MJUSI: Yaani huko fukara amewekewa kiwango cha chini.

CHIPU: Ili akipunjwa ionekane.

(Kivolyumu anaangalia pembeni. Ndipo inasikika sauti ya kitu kikigonga: ka!)

RILEI: Ka! Mniwie radhi, mimi nikisema ni lazima niruke. Naitwa Rilei. Mkulima akishapimwa hanijui. Mimi nafanya kazi baadaye, mchele unapopakiwa kwenda Dar es Salaam. Gunia linakaa kwenye sahani hii hii, mchele unamwagika, volteji ikifika ya kilo 100 mimi, ka! nafunga mlango wa mchele. Mia ndiyo mwisho wa gunia kisheria, nami sipitishi lumbesa.

JIWE: Sasa kama mizani inapunguza 3, magunia yako yatakuwa na 103, na mwenye mashine atapata hasara. Mbona hatujamsikia akilia?

RILEI: Ka! Ndilo lililonileta. Msimu wa kuuza uliopita, simu zilikuwa zinapigwa kutoka Dar: magunia yamefika na kilo 97.

JIWE: Rudia.

RILEI: Tisini na saba. Na Mshale wakati ule, sahani ikiwa tupu, alikuwa amesimama kwenye 3. Mnunuzi akihoji, anaambiwa: "Hiyo ni gunia, bosi, tunaitoa mwishoni."

PAKA: Gunia gani la kilo 3? La kubebea wafu?

JIWE: Tuelewane. Wakati wa kununua kwa mkulima, mizani inapunguza 3. Wakati wa kumuuzia mtu wa Dar, inaongeza 3. Chipu, binti yangu, Kulwa na Doto wanaweza kubadilishana ukubwa kufuata msimu?

CHIPU: Mzee, Kulwa na Doto hawajui bei ya mpunga.

JIWE: Joto linaijua?

CHIPU: Haliijui.

JIWE: Mjusi?

MJUSI: Mimi najua bei ya mbu.

JIWE: Basi humu ndani kuna ofseti inayosoma soko. Kivolyumu, sogea kwenye mwanga. Uso wako umefanya nini?

(Uso wa Kivolyumu una mfereji mmoja wa bisibisi, kama alivyozaliwa nao. Pembezoni mwa mfereji kuna mikwaruzo mingi, mingine imeanza kufifia na mingine inang'aa.)

KIVOLYUMU: Ni uzee, mheshimiwa.

JIWE: Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kutiwa muhuri, ili asiye mkaguzi asikufikie. Kwenye tundu lako sioni muhuri. Naona nini kile?

MJUSI: Bigijii, mzee. Imetafunwa ikabandikwa. Nimewahi kuganda pale kwa siku mbili.

KIVOLYUMU: Basi, basi. Kwa kuwa mnataka ukweli, nipeni nafasi niuseme vizuri. Kwanza, mimi sina mikono. Sijawahi kujigeuza tangu nizaliwe. Pili, ni kilo 3 tu! Mngekuwa na mtu mbaya mngelia zaidi. Hapo pembeni yangu kuna mwenzangu anayesimamia ukuzaji. Yeye akiguswa, anachukua kwa mia: mwenye kilo 30 anampunguzia kidogo, mwenye 300 anampunguzia mara 10 yake. Mimi nachukua kilo 3 kwa kila mtu, awe nani. Kuna haki kubwa kuliko hiyo? Nyinyi Wapare ndio mngenielewa kuliko wote. Mwaka 1945 babu zenu hawakujaa pale Same kukataa mbiru, kodi ya kukisia mali ya kila mtu? Hawakusema heri kodi ya kichwa, sawa kwa wote? Haya, nimewaletea. Kilo 3 kwa kichwa.

(Kimya. Ni hoja iliyotengenezwa kwa ustadi, na Mjusi, ambaye ni mlalamikaji, anajikuta anatikisa kichwa kukubali.)

JIWE: Mjusi, acha kutikisa kichwa. Kivolyumu, wewe unajua historia nusu, ile nusu yenye mlango wa kutokea. Wale wazee walitaka kiasi kijulikane kabla mtu hajatoa mfuko wake. Walichokataa ni mtu mwingine kukaa barazani akawakisia. Wewe kilo zako ulizitangaza wapi? Ziko kwenye ubao gani? Zina risiti?

KIVOLYUMU: Risiti ni...

JIWE: Na huo usawa wako tuupime. Yule mama mwenye kilo 30 umempunguzia 3. Ni sehemu moja ya kumi. Mwenye shamba kubwa kwenye hekta 680 za ule mradi wa umwagiliaji wa Wajapani anashusha magunia matatu kwa mpigo, kilo 300. Naye umempunguzia 3. Ni sehemu moja ya mia. Mama analipa mara 10 ya tajiri, na bado unamwambia ni sawa kwa wote.

PAKA: Na mimi nimelipa mwili mzima.

JIWE: Na hukugusa ukuzaji kwa sababu moja. Kilo 3 kwa mia za mwenye 300 ni kilo 9, naye ana mizani yake nyumbani na namba ya simu ya mkubwa fulani. Angekuja hapa kesho. Mama wa kiroba ana mizani ya jirani, na mkimwambia mjusi anaondoka.

KIVOLYUMU: Mheshimiwa, mbona swali la msingi hamliulizi? Bisibisi yule pale ukutani. Muulizeni nani humshika.

(Wote wanamtazama Bisibisi. Ananing'inia kwenye msumari wake, mpini wa njano, ncha imelainika kwa kazi. Anasema kwamba hawezi kutoa taarifa za wateja.)

JIWE: Hukumu.

MJUSI: Jina langu kwanza, mzee.

JIWE: Mjusi hana hatia. Ahame boksi hili kabla ya mvua, kwa sababu uchafu wake ukiloa unapitisha mkondo kati ya miguu ya Chipu, na kesi ijayo huenda ikawa ya kweli. Chipu amezaliwa na kasoro na amekiri kiasi chake kwa namba. Hatuna la kumtenda, ila akipatikana mtu wa ukoo wa OP07 ampishe kiti, arudi kwenye redio ambako kilo 25 hazimdhuru mtu. Ethi apewe njia yake. Mshale aandikiwe sifuri mpya iliyo mbele ya kimsumari, awe na nafasi ya kurudi nyuma watu wakamwona akirudi. Kapasita aendelee kushauri, asilipwe.

KIVOLYUMU: Na mimi?

JIWE: Wewe urudishwe panapolinganisha Kulwa na Doto, kisha upakwe rangi ya kucha usoni. Mafundi waaminifu ndivyo wanavyofunga watu kama wewe. Ikipasuka, kila mtu ataona umeguswa.

MJUSI: Na mwenye mkono?

JIWE: Hapo ndipo mwisho wa mahakama hii. Sisi ni vitu. Hatuna mamlaka juu ya mwenye vidole.

MJUSI: Sasa hukumu hii nani ataitekeleza? Wewe mwenyewe huwezi kusogea hata hatua moja.

JIWE: Kweli. Nina kilo 20, kasoro kutu.

(Kunapambazuka. Mlinzi anaamka, anafungua mlango, anamsukuma Jiwe kwa mguu mpaka mahali pake. Anayetangulia kwenye foleni ni yule mama wa jana, na kiroba kingine kichwani. Mwenye mashine yuko uani anapiga mswaki. Mama anaingia, anachungulia boksi la mizani, anainama chini ya sahani.)

MAMA: Yuko wapi huyo mjusi wao?

(Mjusi, ambaye maisha yake yote amekimbia binadamu, anateremka ukutani mchana kweupe, anapita sakafuni, anapanda juu ya Jiwe na kusimama pale palipochorwa namba. Mama anamtazama. Kisha anaisoma namba iliyo chini ya miguu yake. Anatua kiroba, anajifunga kanga kiunoni, anamwinua Jiwe kwa mikono miwili na kumweka katikati ya sahani.

Mshale ulisimama kwenye 17. Foleni nyuma ya mama ilikuwa imefika kwenye mwembe, na kila aliyekuwemo alijua kusoma namba.)